Siku Moja ya Oktoba Mufindi, Msimu wa Moto

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijanywa chai, natoka nje na kushika nyasi. Mimi ni bwana misitu wa kata huku Mufindi, na mwezi wa Oktoba umande ndio taarifa yangu ya kwanza: nyasi zikilowesha mkono, nina utulivu mpaka saa nne hivi. Leo mkono umetoka mkavu.

Saa mbili naungana na wajumbe wanne wa kamati ya maliasili ya kijiji kukagua barabara ya kuzuia moto inayotenganisha mashamba ya wananchi na msitu wa kupandwa. Ilisafishwa mwezi Juni, lakini majani makavu ya misindano yameshaangukia tena sehemu moja, kutoka ukingo hadi ukingo, na moto ukipata zulia kama hilo unavuka bila kusimama. Tunakwangua kwa majembe mpaka udongo mwekundu uonekane. Kazi hii haina utepe wa kukata, na sijawahi kuona mgeni rasmi akija kuizindua.

Saa tano niko ofisi ya kijiji. Anaingia mzee mmoja.

"Kamwene, Bwana Misitu. Nataka kuchoma mabaki shambani."

"Kamwene, mzee. Mwaka jana ulichoma bila kibali."

"Nilikuja mara tatu, mwanangu, mlango umefungwa. Mvua hainisubiri mimi."

Ni kweli, na aliyekuwa hayupo ni mimi. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 iliwapa wanavijiji nafasi katika usimamizi wa misitu, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaweka masharti ya uchomaji. Lakini kibali kisipopatikana kwa wakati, mkulima huchoma usiku, peke yake, kwa hofu ya kuonekana, na akizidiwa hathubutu kupiga yowe. Ndiyo maana sasa nakaa hapa kijijini Jumatatu na Alhamisi, iwe kuna mtu au hakuna.

Saa nane mlinzi wa mnarani anapiga simu kuwa ameona moshi. Pikipiki, vumbi, nusu saa ya wasiwasi: ni tanuri la matofali.

Saa kumi na moja jioni, upepo ukiwa umepungua, tunakutana shambani kwa mzee. Majirani wawili wameshajulishwa na wamekuja na matawi mabichi. Bomba la mgongoni limejaa maji. Shamba limefyekwa na kulimwa pembeni pande zote. Tunawasha upande ule unakoelekea upepo, ili moto urudi taratibu ukipingana nao, na mzee, ambaye kwa miaka yote amekuwa akiwasha upande wa pili ili amalize haraka, anasimama akitazama bila kusema neno.

Saa mbili usiku tunapita kila kisiki kwa mgongo wa kiganja. Kimoja bado kina joto. Mzee anakichimbua, anamwaga maji, anafukia, kisha anakishika tena. Nafunga kibali chake kwa mwanga wa simu.