Pumzi Pangoni: Safari ya Mama na Mimi Bila Lascaux

Mama alipokuja kunitembelea Toulouse, kusini mwa Ufaransa, ombi lake lilikuwa moja tu: nimpeleke akaone mafahali wakubwa waliochorwa pangoni ambao picha yao aliiona zamani kwenye kitabu changu cha shule. Alikuwa anaizungumzia Lascaux. Ilinibidi nimwambie ukweli kwamba pango hilo limefungwa kwa wageni tangu mwaka 1963.

"Kwani limepatwa na nini, mwanangu?"

Nilimsimulia tukiwa barabarani. Vijana wanne waliligundua Septemba 1940 karibu na mji wa Montignac, na mwaka 1948 likafunguliwa kwa umma. Watu wakamiminika, hadi kufikia 1,200 kwa siku katikati ya miaka ya 1950. Kila mmoja aliingia na pumzi yake, na pumzi ya mtu hubeba joto, unyevu na hewa ukaa. Mwani wa kijani ukaota ukutani, utando mweupe wa chokaa ukaanza kutanda juu ya rangi. Waziri wa Utamaduni wa Ufaransa, André Malraux, akaamuru lifungwe. Picha zilizodumu gizani kwa zaidi ya miaka 17,000 zilikuwa zimeanza kuugua ndani ya miaka 15 tu.

Mama alikaa kimya kitambo. "Basi walifanya vyema kufunga," akasema.

Chini ya kilima hichohicho kuna nakala kamili ya pango, iliyofunguliwa Desemba 2016, na waliokwenda wanaisifu sana. Lakini Mama amezaliwa Kolo, kule Kondoa, ambako michoro myekundu ya miambani iko hatua chache kutoka mashambani na wazee bado hupanda kwenye mwamba kufanya matambiko. Kwake mchoro na jiwe lake ni kitu kimoja. Kwa hiyo tulitafuta mapango ambayo bado yanakaribisha watu.

Tulianza na Rouffignac. Humo unaingia kwa treni ndogo ya umeme, kwa sababu njia zake zina urefu wa kilomita nane hivi, na nyuzi joto ni 13 kiangazi na kipupwe. Mama alivaa koti langu na khanga juu yake. Mwongozaji alimulika sakafuni kwanza, akatuonyesha mashimo ya mviringo ambayo dubu wa kale walijichimbia ili walale majira yote ya baridi. Makucha yao yameacha mikwaruzo ukutani. Kisha taa ikapanda juu, na hapo wakatokea mamothi, wale jamaa wa tembo wenye manyoya marefu, wamechorwa kwa mistari myeusi michache isiyosita hata mahali pamoja. Pango zima lina zaidi ya 150. Mwisho wa reli kuna dari lililojaa wanyama. Leo unasimama wima chini yake kwa kuwa sakafu imechimbwa, lakini mchoraji alilala chali kwenye upenyo wa kama mita moja, asiweze kuiona kazi yake yote kwa mara moja. Juu ya dari hilohilo wageni wa karne zilizopita wameandika majina yao kwa moshi wa mishumaa. Jambo hilo lilimuuma Mama kuliko yote aliyoyaona siku ile.

Font-de-Gaume, pale Les Eyzies, tulipita haraka, maana vikundi ni vidogo na muda unahesabiwa. Ni lazima uweke nafasi mapema sana. Nakumbuka baisani, binamu wa nyati wetu, ambaye kifua chake kilikuwa uvimbe wa jiwe lenyewe. Mchoraji alimkuta tayari mwambani, akamwongezea rangi tu.

Pech Merle ndilo lililonishinda nguvu. Liko karibu na kijiji cha Cabrerets, na lenyewe liligunduliwa na vijana wadogo, mwaka 1922. Wageni hawazidi 700 kwa siku. Unashuka ngazi, unapita nguzo za chokaa, unaona mzizi wa mwaloni uliotoboa dari na kuteremka hadi sakafuni. Kuna nyayo za mtu zilizoganda kwenye udongo mgumu, ndogo, labda za kijana. Kisha unafika kwenye ukuta wa karibu mita nne ambako farasi wawili wenye madoa wamepeana migongo. Wana miaka takriban 29,000. Ukingo wa jiwe upande wa kulia una umbo la kichwa cha farasi, na humo ndimo mchoraji alimtia farasi wake. Zamani wengi waliamini madoa yale ni ya kubuni tu, hadi uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2011 ulipoonyesha kwamba farasi wa namna hiyo walikuwepo kweli. Kuwazunguka kuna viganja vya watu, vyeupe ndani ya wingu jeusi.

Niligeuka kumwangalia Mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa khanga.

"Mama, unaumwa?"

"Naogopa kuwapumulia."

Mwongozaji alituuliza kuna nini, nikamtafsiria. Akatabasamu, akatueleza jinsi rangi ilivyofika pale: mchoraji aliitafuna, akaipuliza kwa mdomo, kiganja kikiwa kimewekwa ukutani kama kizuizi. Mtafiti Michel Lorblanchet aliwahi kuwanakili farasi hao kwa njia hiyohiyo, mdomo wake ukiwa brashi, na kazi ikamchukua saa 32.

Nilimweleza Mama kwa sauti ya chini. Alivitazama vile viganja kwa muda mrefu.

"Babu yako," akasema, "tulipokuwa tunasafiri, alikuwa anakunywa maji kidogo halafu anatupulizia usoni. Ndiyo ilikuwa baraka yetu."

Kikundi kilianza kusogea. Mama alibaki nyuma hatua mbili tatu, na ile khanga hakuitoa mdomoni mpaka tulipofika ngazini.