Unaweza kupiga A ya ushairi bila kusoma shairi

Aisee tuseme tu ukweli, kozi ya ushairi chuo unaifaulu vizuri kabisa na hujamaliza shairi hata moja. Madesa yapo, yaani notsi fupi za kukariri, yametoka kwa waliotutangulia, dhamira hizi, ujumbe huu, tamathali hizi na kamfano kamoja kamoja ka kunukuu, unapiga msuli usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa chuo, unaingia unamwaga. Na ule mgogoro wa ushairi ndo usiseme, watu wanarushiana maneno semina nzima, huku Amri Abeid na sheria zake za kutunga mashairi za 1954, huku Kezilahabi na Kichomi, diwani yake ya 1974 isiyofuata vina, shairi lisilo na vina ni shairi au sio shairi, halafu uliza sasa nani kaifungua hiyo Kichomi. Kimya.

Mimi kilichonigeuza ni Al-Inkishafi, utenzi wa zamani wa pwani. Kwenye desa imeandikwa "dhamira: dunia hadaa" basi imeisha hiyo. Sasa kaisome yenyewe, taratibu, kwa sauti, Kiamu cha zamani, yaani Kiswahili cha Lamu, kitakutoa jasho mwanzoni kwa hiyo tafuta toleo lenye maelezo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hamhubirii mtu, anausema moyo wake mwenyewe. Halafu anakuingiza kwenye majumba ya matajiri wa Pate, mji wa kale kisiwani karibu na Lamu, anakuonyesha taa zinavyowaka, madaka, vile vishubaka vya ukutani, yamepangwa vyombo vya thamani, watu wanatembea kwa maringo, kimoja kimoja mpaka na wewe unatamani ungeishi humo, ndo hapo anakugeuzia kibao, kwenye madaka wamelala makinda ya ndege na bundi anakoroma katikati ya nyumba. Angeanza na magofu wala usingeumia. Na muda wote huo mizani, yaani silabi, ni kumi kumi kila mstari na kila ubeti unafungwa na "ye", mwingine "ye", mwingine "ye", kama mtu anapigilia misumari. Hii huipati kwenye desa hata lingekuwa na kurasa mia.

Au chukua "Mamba" ya Abdilatif Abdalla. Desa: mamba ni mtawala dhalimu, twende namba inayofuata. Lakini mbona hatuulizi, mtu serikali ya Kenyatta imemfunga kuanzia 1969 mpaka 1972 kisa karatasi ya kuuliza Kenya twendapi, anaandika kwa kificho kwenye karatasi za chooni, na bado anahesabu mizani na kutafuta vina? Yaani kafungwa na yeye anajifunga tena! Semina siku hiyo ilichangamka, mmoja akasema huyo ni mtu wa Mombasa, mashairi kayasikia kabla hajajua kusoma, hayo kwake sio pingu. Mwingine akasema vina vinasaidia, wakikunyang'anya karatasi shairi unabaki nalo kichwani. Hilo la pili nililipenda sana. (Na kituko chenyewe, Sauti ya Dhiki, diwani ya mashairi hayo ya gerezani, imetoka 1973, mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta.)

Ningekuwa mimi ndo natunga UE ningeweka ubeti mmoja tu ambao haupo kwenye desa lolote, masaa matatu, haya tuambie mshairi kafanyaje hapa na kwa nini kafanya hivyo. Sapu, yaani mitihani ya kurudia, zingetembea mwaka huo.