Besi lilipoingia

Leo jioni nimevaa hedifoni nikasikiliza Stop Making Sense ya Talking Heads, toleo kamili, mwanzo mwisho.

Kwa wasiowajua: walikuwa bendi ya new wave (aina ya roki iliyovuma mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980) kutoka New York. Albamu hii ilirekodiwa jukwaani Hollywood, Desemba 1983.

David Byrne, mwimbaji wao, anaanza peke yake. Gitaa kavu na mdundo wa mashine, basi.

Wimbo wa pili, "Heaven", anaingia Tina Weymouth na gitaa la besi.

Jamani, hapo ndipo nilipokwama.

Hapigi noti nyingi. Anaziacha zitue taratibu chini ya sauti ya Byrne, na ghafla wimbo unapata sakafu ya kusimamia. Nimerudisha nyuma mara kadhaa, nikifuata vidole vyake tu.

Kisha ngoma, kinanda cha Bernie Worrell, waitikiaji Lynn Mabry na Ednah Holt. Ilipofika "Burning Down the House" nilikuwa nimeshasimama, nacheza sebuleni. (Hawa jamaa walimsikiliza sana Fela Kuti, na inasikika!)

Wapenzi wa besi, mko wapi?

Nitajieni rekodi ya jukwaani ambayo ala moja tu iliwateka. Za TPOK Jazz leteni pia, nina usiku mzima.