Nakuru au Kisumu? Mimi napima kwa cherehani

Binamu yangu amechoka na Nairobi. Juzi usiku alinitumia ujumbe wa sauti, honi zikilia nyuma yake: "Dada, wewe umeishi kote. Nihamie Nakuru au Kisumu?" Nikaanza kumjibu, nikafuta, nikaanza upya. Nimeona heri niandike hapa, maana si yeye wa kwanza kuniuliza.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa na kulelewa Langalanga, Nakuru, na nimeshona huko miaka tisa. Machi 2021 mume wangu alihamishwa kikazi, tukapakia pikapu: vitanda, cherehani mbili na mashine yangu ya kufuma sweta. Nakuru wakati huo ilikuwa bado manispaa. Desemba 1 mwaka uleule ikapewa hati ya kuwa jiji, nami niko Kisumu natazama sherehe kwa simu. Nilihisi kama mtu aliyeondoka arusini kabla pilau haijapakuliwa.

Ile mashine ya sweta ndiyo iliyonifunza kwanza. Nakuru iko juu, mita kama 1,850, na asubuhi za Juni na Julai ukiongea unatoa moshi mdomoni. Sweta za shule zilinilipia kodi mwaka mzima. Kisumu iko chini ya hapo kwa zaidi ya mita 700. Watoto wa hapa sweta wanazo, kwa sababu sare inadai, ila wanazifunga kiunoni. Sweta isiyovaliwa haichakai; kaka akimaliza shule inarithiwa na mdogo wake, na fundi anakaa njaa. Mashine yangu siku hizi imefunikwa leso pale pembeni, juu yake naweka pasi.

Hapa kinachonilisha ni matanga. Mazishi mengi ni Jumamosi, na familia hupenda kuvaa kitenge kimoja. Jumanne napigiwa simu: wamama kumi na wawili, kitambaa kinatoka Busia kesho, vipimo natumiwa kwa ujumbe. Kimoja kilisema tu, "Huyu ni mnono kama wewe, lakini mrefu." Nikashona hivyohivyo, ikakaa. Alhamisi usiku silali.

Mteja wangu wa kwanza hapa nilimtilia gauni bitana, maana Nakuru gauni lisilo na bitana linarudishwa. Huyu mama alilivaa, akasimama mbele ya kioo dakika moja, jasho likamtoka. "Min Imani, unataka nichemke?" Nikaifumua palepale. (Ndiyo, Nakuru nilikuwa Mama Imani, hapa ni Min Imani. Sokoni Kibuye bei naulizia "adi?" ingawa jibu likiwa refu napotea. Nakuru mgeni husalimiwa kwa Kiswahili bila kuulizwa kabila. Hapa wanaanza na Kijaluo, wakiona umekwama wanakuhurumia.)

Joto lenyewe sikulizoea, nililipangia ratiba. Satini nyeupe naishona kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano, kabla vidole havijalowa. Mchana upepo wa ziwa unasukuma unyevu kuelekea milimani, na ikifika saa kumi jioni mawingu yamejaa juu ya vilima vya Riat, radi inapiga mpaka mabati yanatetemeka, stima inapotea. Asante Mungu cherehani yangu moja ni ya miguu.

Mbu nao. Nakuru malaria tuliijua kama ugonjwa wa mtu aliyetoka safari. Mwaka wetu wa kwanza hapa, Imani aliugua mara mbili. Neti si pambo.

Kwa biashara, Nakuru inashinda, sitadanganya. Watu ni wengi zaidi: sensa ya 2019 iliikuta na zaidi ya laki tano na nusu, Kisumu karibu laki nne. Nairobi ni kama kilomita 160, unakwenda kuchukua vitambaa na jioni uko kwako. Kutoka hapa ni basi la usiku na mgongo wa kuuma. Viazi, maziwa na sukuma pia Nakuru ni rahisi, mashamba yako mlangoni. Hapa nimepata omena na jioni. Hiyo jioni sijui niieleze vipi. Nakuru saa mbili usiku nilikuwa ndani, mlango umefungwa, chai mkononi. Kisumu saa mbili watu ndio kwanza wanatoa viti nje, mtu anakaanga samaki kando ya barabara, tuktuk zinapita na muziki wake, na mimi nimefahamiana na majirani wengi kwa miaka michache kuliko nilivyowahi Langalanga.

Kuhusu usalama, mwaka 2023 zilikuwepo siku za maandamano ambazo sikufungua kibanda. Lakini Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa Nakuru, msichana wa shule, na baba alilala nyuma ya geti na panga. Mtu asiniambie mji mmoja una amani kuliko mwingine.

Sasa lile ambalo binamu yangu hakuuliza. Mwaka jana alikuja dada mmoja na kitambaa cha zambarau. Nikamtania kuhusu bei, akacheka, halafu haraka akafunika mdomo kwa mkono. Huo mkono naujua. "Wewe ni wa Nakuru sehemu gani?" Akashangaa: "Umejuaje?" Nikamwonyesha meno yangu. Ya kahawia, kama yake. Kwao ni Bahati, kulekule Nakuru. Tulicheka midomo wazi, mteja mwingine akadhani tumerukwa na akili.

Ni maji. Visima vingi vya kule vinatoka kwenye mawe ya volkano na vina floraidi nyingi. Kuchemsha hakusaidii, haiondoki. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kuna maji ya mvua. Mtu mzima meno yake hayabadiliki rangi, yameshaumbika. Anayeathirika ni mtoto, meno yakiwa bado chini ya ufizi. Imani alikuwa na miaka minne tulipohama. Meno yake ya pili yalipotoka, mawili ya mbele yalikuja na mistari myeupe kama chaki. Mwenyewe hajali. Mimi huyaangalia kila anapocheka.

Kwa hiyo jana nilimrudishia binamu yangu ujumbe mfupi: "Kwanza niambie, mtoto wako ana meno mangapi?"

Amejibu: "Dada, nilikuuliza kuhusu nyumba."