Ngoma za Bonham

Kanda ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, niliachiwa na mjomba, kasha limepasuka, utepe naukaza kwa kalamu. Kilichonikamata ni ngoma. Kwenye albamu ya nne, iliyotoka 1971, ngoma za John Bonham ziliwekwa ukumbini mwa nyumba kuukuu, Headley Grange, maikrofoni zikaning'inizwa juu ngazini. Ndiyo maana wimbo “When the Levee Breaks” unavuma kama radi kisimani!

Walianza London 1968, vijana wanne. Haikupita miaka mingi wakawa wanajaza viwanja Marekani. Tarehe 25 Septemba 1980 pombe ikamuua Bonham, ana miaka 32 tu. Desemba wenzake wakatangaza kwamba basi. Wangeweza kutafuta mpiga ngoma mwingine, bendi ngapi zimefanya hivyo. Nawaheshimu mno kwa kukataa. Kanda ile ninayo hadi leo.