Mwamkie Kwanza

Baba alizama wakati wa kusi, na tangu tulipomzika nilikuwa sisali. Mungu sikumkana. Ila kila nikianza Baba Yetu, nikifika "utakalo lifanyike" koo linaniziba. Mwishowe nikaacha kujaribu. Jumapili nilikuwa nakaa benchi la nyuma, midomo ikicheza tu.

Hawe (sisi Wagiriama ndivyo tunavyomwita bibi) aliyaona yote hayo akanyamaza. Ilipofika tarehe 3 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, akanishika mkono tukaenda hadi lile kanisa dogo la Wareno hapa Malindi, la kuta nyeupe na paa la makuti, makaburi yameizunguka nyumba ya Mungu, na bahari iko pale pale.

Nikamuuliza Hawe nimwombe nini mtakatifu huyo.

"Usiombe kitu. Mwamkie kwanza. Huingii kwa mtu mzima ukaanza kumwaga shida zako."

Niliona haya. Kisha nikasema, polepole, shikamoo.

Hapo ndipo Hawe akanisimulia. Mwaka 1542 Fransisko, padre mmisionari, alikuwa njiani kwenda Goa kule India, meli yao ikatia nanga Malindi. Mwenzao mmoja akafa, wakamzika katika mji huu huu. Fransisko alikuwa na miaka 35. Wakaondoka, kwa kuwa upepo haumsubiri mfiwa.

"Amezika mtu hapa," Hawe akasema. "Habari yako anaijua."

Mimi watakatifu nilikuwa nawajua kwa picha za kalenda. Sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wao amekanyaga mchanga ninaoukanyaga, na kwamba aliondoka akimwacha mtu ardhini. Katika Nasadiki nilitamka "ushirika wa watakatifu" tangu utotoni, na siku hiyo maneno hayo yakapata mwenyewe.

Tukaanza Baba Yetu. Nilipofika pale pangu, nikakwama. Hawe naye akasimama. Hakunisukuma. Akangoja, nikasikia makuti yakichakarika kwa kaskazi, halafu akasema, "Mtakatifu Fransisko Ksaveri." Nikaitikia, "Utuombee." Kisha yeye akaisema ile sentensi, taratibu, na mimi nikaingilia kwenye "utupe leo mkate wetu".

Njiani akaniambia jambo jingine. Akiwa ugenini, Fransisko alikata majina ambayo wenzake walikuwa wameyaandika kwa mkono katika barua zao, akayavaa kifuani, maana aliwapenda na alizitegemea sala zao.

Usiku huo nilitoa daftari la Baba la hesabu za samaki. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika jina lake kwa biro ya buluu, herufi ya mwisho imetanda wino, bila shaka kidole kilikuwa na maji. Nikalikata kwa wembe, nikalikunja, nikalitia katika kifuko cha rozari. Kisha nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwamkia Fransisko, nikamtajia jina hilo.