Nilivyochagua darubini ya kuitazamia Zohali

Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye boksi: inakuza mara 525. Zohali, ile sayari yenye pete, nilikuwa naitamani tangu shule ya msingi, nikaona kwa namba hiyo nimefika. Nikaisimamisha uani kwetu Tanga. Miguu yake mitatu ilikuwa myembamba mno. Nikigusa tu pale pa kuzungusha, sayari inaruka nje ya duara. Nikisubiri itulie, imeshasogea yenyewe, maana dunia inazunguka, na ukikuza sana sayari haikai hata dakika moja. Nilichoambulia ni doa la rangi ya maziwa.

Zile pesa ziliniuma. Ndipo nikaanza kusoma kabla ya kununua tena.

Kumbe kukuza ni hesabu ya kugawanya tu. Unachukua urefu wa fokasi wa darubini, yaani umbali ambao mwanga unasafiri hadi ukutane mahali pamoja, unagawanya kwa ule wa lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia. Yangu ilikuwa milimita 700. Kwa lenzi ya milimita 4 unapata 175, ukiongeza kikuzio cha mara tatu unapata 525 ile ile. Lakini mdomo wake, yaani upana wa lenzi ya mbele, ulikuwa milimita 60, na mdomo ndio unaokusanya mwanga. Kipimo wanachokifuata watazamaji ni mara mbili kwa kila milimita ya mdomo. Kwa hiyo mwisho wake ulikuwa 120. Kinachozidi hapo ni kutanua ukungu.

Safari hii nikauliza mambo mawili tu: mdomo una upana gani, na inakaa juu ya nini. Darubini za kioo, zinazokusanya mwanga kwa kioo kama cha kujitazamia badala ya lenzi, zikanivutia kwa sababu kwa bei ile ile unapata mdomo mpana kuliko wa lenzi. Moyo wangu ulikuwa kwenye ile ya milimita 150 yenye fokasi ya 1200, nzuri sana kwa sayari, ila bomba lake ni refu kama mtoto wa shule. Shangazi yangu anayeishi Muscat ndiye angeniletea, na begi lake lisingeimeza. Nikachukua ya milimita 130, fokasi 650, yenye kitako cha mbao kinachozunguka, mtindo ulioenezwa na John Dobson kule San Francisco. Haina miguu. Naiweka juu ya kreti la soda, na haitikisiki.

Septemba 2023, kama saa tano usiku, Zohali ilikuwa karibu utosini. Sisi wa huku tuna bahati hiyo: sayari zinapanda juu, mwanga wake unapita kwenye hewa kidogo. Nilianza na lenzi ya milimita 25, mara 26, nikaona kitu kama punje iliyochongoka pande mbili. Nikaweka ya 10, mara 65. Pete hiyo! Nyembamba, kali, imetengana na tufe lake, na pembeni nukta moja, mwezi wake Titan. Nilimwita mama kwa sauti hadi jirani akawasha taa.

Siku zilizofuata nikawa naamka kabla ya alfajiri. Zuhura ilikuwa hilali kabisa, na sayari ya Mshtarii ina nukta zake nne, miezi yake, zile zile alizoziona mtaalamu wa nyota Galileo mwaka 1610. Nilizichora kwenye daftari. Kesho yake zimebadilishana nafasi.

Nimejifunza pia kutoielekeza juu ya mapaa ya bati. Yanatoa joto usiku, na sayari inachezacheza kama iko chini ya maji. Naitoa nje nusu saa kabla, ipoe. Unyevu wa pwani unaotesha kuvu kwenye vioo, kwa hiyo naihifadhi pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mchana haitoki kabatini, jua lisije likamuunguza mtu jicho.

Jioni za mbingu safi watoto wa mtaa wanapanga foleni. Kwenye lile kreti, hata wa miaka sita anaifikia bila kupanda stuli.